Yupo, Ila Hapigi

Berchem-Sainte-Agathe, Brussels
9 Februari 2004

Mjomba Burhani, shikamoo,

Natumaini wewe na Mama Karimu hamjambo. Huku wazima, baridi tu. Najua hupendi watu wanaozunguka, basi naingia moja kwa moja: tangu nifike Ubelgiji nimetunga nyimbo kumi na moja, na zote mbaya.

Kazi yangu unaijua, nipo kwenye nyumba ya wazee kule Ganshoren. Nalisha, naogesha, nageuza. Lakini Jumamosi mchana naimba kwenye bendi ya Mkongo mmoja anaitwa Modeste, tunafanya mazoezi kwenye chumba cha chini karibu na uwanja wa Flagey. Sauti yangu anaipenda. Nyimbo zangu akizisoma anakuna kichwa. Juzi kaniambia mbele ya wote, "Shamimu, ma chérie, hii ni tangazo ya hôpital, haiko wimbo." Wakacheka mpaka mpiga ngoma akaangusha fimbo. Bon, nikacheka nao. Kisha nikashuka kwenye tramu vituo vitatu kabla ya kwangu, nikatembea kwa hasira mpaka miguu ikaniuma.

Mwezi wa tisa bendi ina onyesho. Modeste anasema nikileta wimbo mmoja wa maana, utapigwa. Mmoja tu. Sikai, silali vizuri, nikiosha vyombo naandika hewani kwa kidole chenye povu.

Wewe ndiye uliyeitungia bendi yenu nyimbo zote zilizochezwa Ujiji. Nilipokuja kulelewa kwako baada ya kukimbia kwetu Buyenzi, Burundi, nilikuwa nakusikia ukutani ukirudia mstari mmoja tangu asubuhi mpaka Mama Karimu anakugombeza. Nisaidie. Nimeutia humu ndani wimbo unaoitwa "Machozi ya Ughaibuni". Useme ukweli, usinionee huruma.

Mwanao Karimu anakusalimu sana. Muziki umembana, ndiyo maana haandiki.

Mpwa wako,
Shamimu


Ujiji
4 Machi 2004

Shamimu mwanangu, marahaba,

Wimbo wako nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu niliusoma nimesimama, maana nilidhani labda kukaa ndiko kunakonizuia kuuelewa. Machozi yamo mara tisa, nimeyahesabu. Moyo mara sita. Na huyo anayelia ni nani? Mwanamke au mwanamume? Kakaa wapi? Anamlilia nani? Hujasema hata moja. Loo! Miaka saba umekaa nyumbani kwangu, ulikuwa unasikiliza nini hapo ukutani?

Haya, tega sikio. Wimbo ni mtu mmoja anamwambia mtu mmoja jambo moja. Basi, hakuna siri nyingine. Enzi za bendi nilikuwa simpi mwimbaji karatasi mpaka anitajie jina la mtu anayemwimbia. Akiniambia "nawaimbia wote", namrudisha kwao. Hata kama jina lenyewe halimo kwenye wimbo, mwimbaji alijue.

Kazi yako ni hii. Wiki nzima usiandike machozi, usiandike moyo, usiandike mapenzi. Andika ulichokiona kwa macho yako hapo kazini, kitu ambacho naweza kukishika mkononi. Kisha niletee.

Lakini karatasi haina sauti. Uniimbie kwenye kanda, na gitaa apige Karimu. Hapo na mimi nina langu, sikufichi. Mwaka wa sita huu tangu aondoke na gitaa la bendi bila kuaga, na bendi ikafa. Siku ile nilitamka maneno, nayo yakamfikia. Nasikia aliapa hatanisemesha mpaka atoe santuri yake. Mwambie gitaa nimemwachia, na santuri siingoji. Nataka kuusikia mkono wake tu. Mama yake ananiuliza kila Ijumaa nikitoka msikitini, kana kwamba habari zake husomwa huko kwenye hotuba.

Mjomba wako,
Burhani


Jikoni, Jumatano 24 Machi 2004

Karimu,

Wewe unatoka, mimi naingia, basi binamu yako amekuwa posta. Barua ya baba yako iko chini ya kopo la sukari. Isome yote, usiruke.

Anataka akusikie kwenye kanda. Mimi nifanyeje? Miaka miwili namwambia muziki umekubana. Hajui kwamba mashine ya kukandia unga ilikuchukua vidole viwili. Hajui kwamba gitaa limelala chini ya kitanda na wewe unafua mashuka ya hoteli. Niruhusu nimwambie. Wewe ndiye uliyenipokea hapa, siwezi kusema bila ruhusa yako, lakini nachoka.

Shamimu


(nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Hapana. Alisema mbele ya watu kwamba mwizi wa gitaa hatafika popote. Unataka nimwandikie kwamba ni kweli, sikufika? Modeste apige. Mwambie ni mimi. Supu imo kwenye sufuria ndogo.

K.


Berchem-Sainte-Agathe
2 Aprili 2004

Mjomba, shikamoo,

Nilifanya kama ulivyosema. Wiki ya kwanza nilikuchukia, nakuomba radhi. Kila nikishika kalamu, yale maneno matatu uliyonikataza yanakuja mbio yamejipanga. Siku ya tano nikaandika tu nilichokiona nikitandika kitanda:

Bibi wa chumba kumi na nne
anaficha mkate chini ya mto,
anasema mume wangu hajala,
na mume alizikwa mimi sijazaliwa.

Ni kweli tupu. Mimi ndiye ninayeutoa huo mkate kila asubuhi, na kila asubuhi ananiita mwizi. Donc, niliposoma kwa Modeste hakukuna kichwa. Alisema, "Continue," yaani endelea. Kwa Modeste hiyo ni pongezi kubwa.

Beti nyingine utazisikia kwenye kanda. Gitaa kanipigia Karimu. Alikuwa na haraka, hakuweza kusema neno, lakini mkono wake huo.

Niambie nimefika wapi. Nina haraka, Mjomba, siku zinakwenda.

Mpwa wako,
Shamimu


Ujiji
26 Aprili 2004

Shamimu,

Mkate chini ya mto. Hapo umetunga. Nilimsomea Mama Karimu akaacha kuchambua mchele, akaniuliza, "Na hana mtoto wa kumwambia ukweli?" Mstari ukimfanya mtu aulize swali, usiuguse tena, hata kesho ukijiona una akili zaidi.

Lakini ubeti wa tatu umerudi kuniimbia baridi ya Ulaya. Baridi hiyo nani kakuuliza? Na ubeti wa nne mtu anafungua mlango wa chumba, hatuambiwi kuna nani ndani, mara umetupeleka sokoni. Nyimbo zako zinafika mlangoni, zinashika kitasa, kisha zinageuka. Kuna jambo unalizunguka. Sikukujua leo wala jana. Ukiwa mdogo ulivunja birika langu, ukakaa siku nne unanisifia kikombe.

Kanda nimeisikiliza. Mpiga gitaa ana mkono mzuri, msafi.

Sasa nakuuliza jambo. Bibiane, yule wa Bujumbura anayeuza vitenge, alikuwa huko kwenu kwa nduguze. Anasema alisikia kwamba kijana mmoja wa Ujiji alikamatwa na mashine kazini. Zaidi hajui, au hakutaka kusema. Shamimu, nakuuliza kwa jina la Mungu, Karimu mzima?

Burhani


Berchem-Sainte-Agathe
20 Mei 2004

Mjomba, shikamoo,

Karimu mzima. Si umemsikia kwenye kanda? Huyo Bibiane tangu lini akawa mtu wa kuaminiwa? Hapa alishawahi kumzulia mwanamke wa watu mimba ya mapacha.

Mjomba, unisamehe, lakini nimeumia. Nilikuandikia habari za wimbo, nikangoja zaidi ya mwezi, na barua yako nusu nzima ni Karimu. Karimu huyu na Karimu yule. Mimi ndiye ninayeandika! Mimi ndiye ninayesimama posta ya Berchem na kanda mkononi. Mara moja tu nilitaka uniulize mimi kama ni mzima.

Kuhusu huo mlango, hakuna kitu nyuma yake. Ni mlango wa wimbo tu. Nimeufuta ubeti wa nne, nimeweka mwingine, nimeufuta na huo. Bibi wa chumba kumi na nne amehamishiwa hospitali, na mimi bado nakwenda kuinua mto asubuhi. Bendi wanaanza kuniuliza wimbo uko wapi. Nibanie, nipigie kelele, nipe kazi nyingine. Usikae kimya.

Shamimu


Ujiji
22 Juni 2004

Mwanangu Shamimu,

Barua hii ni ngumu, naomba uisome umekaa.

Karimu ni wa kushoto. Wewe unajua, lakini nadhani hujui hiyo maana yake nini kwenye gitaa. Gitaa la bendi lilikuwa la watu wa kulia. Wenzake wa kushoto hubadilisha nyuzi, yeye hakuwa na subira, alilipindua tu hivyohivyo akaanza kupiga. Kwa hiyo kidole gumba chake kinaangukia uzi mwembamba. Kwa wapigaji wengine sauti nzito hutangulia, nyembamba ikafuata. Kwake yeye nyembamba hutangulia. Nilimgombeza miaka miwili aache, kisha nikaanza kuupenda huo mtindo, nikamtungia nyimbo kwa ajili yake. Mkono huo nitautambua hata nikiwa na homa.

Kwenye kanda yako si yeye. Nilijua kabla hujafungua mdomo kuimba.

Sikukuambia. Nilikuuliza, nikakupa mlango wa kutokea. Nawe ukaniandikia, "Si umemsikia kwenye kanda?" Basi nikajua. Angekuwa ameumia tu, sauti yake ingekuwemo; mkono si wake, na sauti haimo. Mtu hatafutiwi mkono wa kuazima kama wake upo. Nilimwambia Mama Karimu habari za mashine na habari za kanda. Hakulia pale pale. Alikwenda kuanua nguo zote kwenye kamba, zilizokauka na mbichi.

Ijumaa iliyopita, tarehe 18, tumemsomea Karimu hitima. Watu walijaa mpaka barabarani. Wale wa bendi waliobaki walikuja, tukakaa pamoja kwa mara ya kwanza tangu tuachane.

Sikulaumu. Najua uliogopa kutuua na sisi. Lakini sasa huna haja ya kudanganya tena. Nyimbo usiniletee kwa muda, sina sikio.

Mungu akulinde huko uliko peke yako.

Burhani


Berchem-Sainte-Agathe
27 Juni 2004

Mjomba, shikamoo,

Zaidi ya wiki tano hujanijibu. Umenikasirikia, na una haki.

Leo Jumapili nimekaa kwenye benchi pale Flagey, mvua inaanza na kuacha, watu wanahamisha viti vya mkahawa ndani, nje, ndani. Nilikuja na daftari nikasema siondoki hapa bila wimbo. Nikajiuliza lile swali lako, namwimbia nani? Jina likaja hapo hapo, ni wewe. Na jambo lenyewe ni lile moja, ambalo nimekuwa nalizunguka kama birika lako.

Karimu alinikataza. Leo navunja neno lake, na nikirudi nyumbani nitamwambia usoni. Huu hapa:

Mjomba nakueleza, gitaa li uvunguni,
Miaka limenyamaza, nyuzi zimo mfukoni,
Mashine yampunguza, vidole viwili chini,
Kisha akanikataza, nisikwambie nyumbani.

Na kibwagizo ni hiki tu, kinarudiwa:

Karimu yupo, Mjomba, yupo,
yupo, ila hapigi.

Ilikuwa mwaka 2002, kwenye tanuri la mikate alikokuwa akifanya kazi. Mkono wa kushoto, kidole cha shahada na cha kati. Aliyepiga kwenye kanda ni Modeste. Nilikudanganya kwa kalamu na kwa sauti. Karimu anafua mashuka, anakula, anagombana na mimi kuhusu chumvi, anashabikia timu inayofungwa. Anakuogopa wewe tu.

Ni wimbo wa kwanza ambao sitaki uusifie. Nataka uufikishe kwa Mama Karimu.

Nisamehe.
Shamimu


Jikoni, Jumatano 14 Julai 2004

Karimu,

Najua hatusemezani tangu nikuambie nilichoandika. Sawa, usinisemeshe. Lakini barua ya baba yako imefika leo. Iliondoka kule kabla yangu haijafika. Iko mezani, sikuificha chini ya sukari.

Wamekusomea hitima, Karimu. Umekufa Ujiji. Mama yako amekaa na watu wakampa pole.

Nimepiga simu dukani kwa Abdallah, jirani yao, nimemwambia akimbie akawaambie uko hai. Akarudi baada ya robo saa. Anasema Mjomba alijibu, "Shamimu aliniambia hivyohivyo mwezi wa tano." Hakuja kwenye simu. Neno langu halina thamani tena kule, na nimelivunja mwenyewe kwa ajili yako. Piga wewe. Namba iko nyuma ya bahasha. Nakuomba, piga.

S.


(chini yake)

Nimepiga. Abdallah kamshika mkono kamleta. Nikasema "Baba." Simu inakoroma, sikuweza neno la pili. Akasema, "Kila mtu ana baba," akaiweka chini, kadhani mimi ni Modeste mwingine.

Jumamosi usiende kwa Modeste. Azima mapema kinasa sauti chake ukilete hapa. Nimelitoa gitaa uvunguni. Uzi mmoja umeshika kutu, nyingine nzima. Nimejaribu mchana kutwa. Kidole gumba kipo, sikuwahi kufikiria kwamba kipo. Nyuzi nzito nagusa kwa kile cha pete, kinachelewa kidogo.

Daftari lako umeliacha wazi, nimeusoma ule wimbo. Bado nina hasira na wewe. Ubeti ni wa kweli. Tupige huo.

K.


Berchem-Sainte-Agathe
Jumapili 18 Julai 2004

Baba, shikamoo,

Barua sijui kuandika, wewe unajua. Sikiliza kanda, upande wa kwanza. Mwambie Mama akae karibu na spika.

Gitaa nilichukua bila kuaga. Nilikosa, na neno hilo limenikaa kooni miaka sita. Sina santuri.

Mwanao,
Karimu


Ujiji
16 Agosti 2004

Karimu na Shamimu, wanangu wawili wakaidi,

Barua ya wimbo ilitangulia. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni, sikumwonyesha Mama Karimu. Nilijiambia huyu mtoto sasa ananidanganya kwa vina na mizani, maana ubeti ulikuwa mzuri kupita kiasi na mimi nilikuwa nimeshazika. Niliusoma kila siku. Kila nikifika pale kwenye kibwagizo nagombana na nafsi yangu njiani, watu wananitazama.

Kanda ilifika jana. Redio yangu mbovu, nikaenda nayo dukani kwa Abdallah, na Mama Karimu akanifuata hivyohivyo, mikono imejaa unga wa chapati, anasema haamini lakini anakuja. Abdallah akafunga mlango wateja wasituingilie. Akabonyeza.

Ukaja uzi mwembamba. Peke yake. Kisha mzito ukafuata, umechelewa.

Shamimu hata hujaanza kuimba, Mama Karimu akasema, "Kushoto huyo." Akaishika redio kwa mikono yake miwili, ikajaa unga, hakuiachia mpaka kanda ikaisha yenyewe. Mimi nililia, wanangu. Machozi yalinitoka mbele ya Abdallah na mbele ya magunia ya sukari, na leo ninaandika neno hilo bila kulihesabu.

Habari za hitima: nimemuuliza sheikh, amesema dua haipotei, itakungoja. Wale waliokula pilau wamesema hawairudishi. Mpiga besi wetu wa zamani anadai uje umlipe usingizi aliokosa. Karimu, maneno niliyoyasema ile siku nayafuta mbele ya wote waliokuwepo, nimekwenda kwa mmoja mmoja. Gitaa ni lako. Simu ya Abdallah imetengenezwa, piga siku yoyote ile. Ukishindwa kusema, safari hii sitaiweka chini.

Sasa kazi. Msidhani kwa kuwa nimelia basi nimekuwa kiziwi.

Kwanza, Karimu, kidole cha pete kinachelewa kwenye kila mzunguko. Usikiharakishe. Huko kuchelewa ndiko kunakoupa wimbo miguu.

Pili, Shamimu, ubeti wa kwanza usiuguse. Umemtaja mtu, umemwambia jambo, ukanyamaza. Hicho ndicho nilichokuwa nakudai tangu mwezi wa tatu. Ukapande nao jukwaani, na Modeste akitaka kukuna kichwa mwambie asubiri kwanza uishe.

Tatu, kibwagizo. Mwezi wa sita kilikuwa kweli. Kwenye kanda hii kinasikika kama uongo, kwa sababu unaimba jambo moja na gitaa nyuma yako linasema jambo jingine. Chukua kalamu sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Futa "ila hapigi".

Baba yenu,
Burhani